Je, Wajua? Maajabu ya Majilio Yaliyoanzia Nyumbani

Sogea kidogo kwenye benchi, nina mengi na Noeli haingoji mtu. Kama nyumbani kwako kuna Biblia, mshumaa na watu wawili watatu wa kuitikia, basi haya yote yanakuhusu. Tuanze!

Je, wajua Majilio yanaweza kuwa na siku 22 tu, au yakafika 28? Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtume Andrea, kwa hiyo tarehe huchezacheza kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Sasa shika hii: mwaka 2022 tulipata Majilio marefu kuliko yote, siku 28 kamili. Mwaka uliofuata, 2023, tukapata mafupi kuliko yote, siku 22!

Tena mwaka huo 2023 juma la nne la Majilio halikumaliza hata siku moja. Asubuhi ya Desemba 24 ilikuwa Jumapili ya nne, mshumaa wa nne ukawashwa. Jioni ileile watu wakaingia kwenye Kesha la Noeli. Itatokea tena 2028. Weka alama kwenye kalenda yako.

Je, wajua mwaka wa Kanisa hauanzi Januari? Unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa Wakatoliki na madhehebu mengine mengi mwaka huo una herufi, na kila herufi ina mwinjili wake: A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka. Unataka kujua uko mwaka gani bila kumuuliza katekista? Jumlisha tarakimu. Chukua 2025: 2 na 0 na 2 na 5 ni 9, inagawanyika kwa 3, basi ni C. Jaribu na 2028 uone! Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa wa 2028 unaanza na Majilio ya 2027.

Na hili huwashangaza wengi: Injili ya Jumapili ya kwanza ya Majilio haigusi Bethlehemu hata kidogo. Inahusu mwisho wa nyakati na kurudi kwa Bwana. Ni kuanzia Desemba 17 masomo yanapogeuka kwa nguvu zote kuelekea horini.

Sasa twende nyumbani, maana huko ndiko nilikokuwa nakupeleka tangu mwanzo.

Je, wajua masifu ya siku nzima yamebebwa na nyimbo tatu zinazotoka kitabu kimoja? Masifu ya Asubuhi yana Wimbo wa Zakaria, Masifu ya Jioni yana Wimbo wa Maria, na sala ya kumaliza siku ina Wimbo wa Simeoni. Zote ziko katika sura 2 za kwanza za Luka, na hazimo katika Injili nyingine yoyote. Kwa hiyo hata mwezi wa saba, jua likiwaka, wanaosali masifu bado wanaimba nyimbo za kuzaliwa kwa Kristo!

Umewahi kujiuliza Wimbo wa Maria uliimbwa wapi mara ya kwanza? Hapakuwa na kwaya wala madhabahu. Ilikuwa nyumbani kwa Zakaria, katika nchi ya milima ya Yuda, na Luka anawataja wanawake wawili wajawazito: mmoja msichana aliyetoka safari ndefu, mwingine Elisabeti, mama mtu mzima ambaye majirani walishamwita tasa. Mgeni kaingia, kasalimia, mtoto kachezacheza tumboni, Elisabeti kapaza sauti, na Maria kaitikia kwa mistari 10 ambayo haijawahi kunyamaza tangu siku hiyo. Sifa kuu ya Majilio ilizaliwa katika kukaribishana wageni! Na mgeni mwenyewe hakuondoka kesho yake. Alikaa kama miezi 3.

Subiri, bado. Mwenye nyumba alikuwepo? Kama alikuwepo, hakuweza kusema hata karibu! Zakaria alikuwa bubu tangu malaika alipomtokea hekaluni, na alibaki hivyo hadi mtoto alipozaliwa na kufika siku ya 8. Kinywa kilipofunguka hakuanza kusimulia mkasa wake wala kulalamika. Maneno ya kwanza yalikuwa sifa.

Yusufu naye? Fungua Injili zote 4, pekua ukurasa kwa ukurasa. Hutapata neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Anaota, anaamka, anatenda. Basi!

Je, wajua Wakristo wa Kiorthodoksi huuimba Wimbo wa Maria asubuhi, wakati Wakatoliki na Waanglikana huuimba jioni? Piga hesabu ya saa za dunia. Kuna mahali fulani unaimbwa sasa hivi unaposoma.

Halafu kuna siku 7 ambazo wimbo huo huvalishwa vito. Kuanzia Desemba 17 hadi 23, kabla ya Wimbo wa Maria huimbwa antifona 7 za kale, kila moja ikimwita Kristo kwa jina jipya: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Emanueli. Zilikuwa zikiimbwa tayari katika karne ya 8. Sasa kamata ajabu yake: ukichukua herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, ukazisoma kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, unapata maneno mawili, ERO CRAS, yaani kesho nitakuwepo. Antifona ya mwisho inaimbwa tarehe 23, na kesho yake ni Kesha la Noeli!

Unadhani masifu ni ya mapadre na masista tu? Hapana! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu liturujia, uliwahimiza waamini walei nao wasali masifu, pamoja na mapadre, wao kwa wao, au hata mtu mmoja mmoja. Mwaka uliofuata hati nyingine ikaiita familia kanisa la nyumbani.

Na kanisa la nyumbani si jambo la juzi. Priska na Akila walikuwa na kanisa nyumbani mwao, Paulo anawasalimu kwa jina. Kwa karibu miaka 300 ya kwanza Wakristo walisifu zaidi vyumbani, uani na mezani.

Ushahidi tunao! Huko Dura-Europos, Syria, kando ya mto Eufrati, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa kabla ya mwaka 256. Wenyewe walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili watu wapatao 70 waenee. Ni miongoni mwa majengo ya kale kabisa ya ibada ya Kikristo yanayojulikana duniani, na lilikuwa nyumba ya mtu.

Je, wajua Wakristo wa kwanza walikuwa na ratiba? Kitabu kidogo kiitwacho Didake, cha zamani karibu sawa na Agano Jipya lenyewe, kinaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara 3 kwa siku. Kilipotea kwa karne nyingi, kisha nakala yake ikapatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Mara 3! Ukisali asubuhi, mchana na jioni unafuata utaratibu wa kabla ya Roma kuwa na kanisa lolote kubwa.

Na jioni taa ilipowashwa, waliimba. Kuna wimbo wa Kigiriki wa kuwasha taa ambao Basili Mkuu, karne ya 4, tayari aliuita wa kale. Bado unaimbwa. Leo ukiwasha mshumaa wa Majilio na mtu akaanzisha wimbo, mko ndani ya desturi yenye zaidi ya miaka 1,600.

Zaburi je? Mtunga Zaburi ya 119 anasema humsifu Mungu mara 7 kwa siku, na Zaburi yake ndiyo ndefu kuliko zote, mistari 176. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwataka wamonaki wake wamalize Zaburi zote 150 kila juma. Leo zimegawanywa kwa majuma 4, na juma la kwanza la mzunguko huanza, umekisia, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kuanza!

Haya, vuta pumzi. Tuje kwetu.

Je, wajua mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliamua kuzipa jumuiya ndogondogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika kujenga Kanisa? Ndiyo maana leo jumuiya husali nyumbani kwa wanajumuiya, kwa zamu. Unaijua picha hiyo. Mama mwenye nyumba katandika mkeka barazani, kitambaa cheupe juu ya stuli, msalaba na Biblia juu yake, mshumaa umesimikwa kwenye glasi ya mchanga ili upepo usiuangushe. Mtoto aliyetumwa kiberiti anarudi mbio, mwenyekiti anatafuta ukurasa wa Isaya, na jirani wa mwisho anaingia na kigoda chake mwenyewe. Zakaria na Elisabeti wangejisikia nyumbani.

Misa ya kwanza Zanzibar baada ya wamisionari Wakatoliki kufika mwaka 1860 iliadhimishwa lini? Desemba 25! Walikuwa wametia nanga siku chache tu kabla. Na jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana, pale pale palipokuwa na soko la watumwa, liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873. Siku ileile ya mwaka, hatua chache mjini humohumo.

Aliyesimamia ujenzi huo, Askofu Edward Steere, ndiye pia aliyetoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1879. Biblia nzima ilikamilika 1891, na yeye alikuwa amefariki 1882. Ile Union Version iliyoko kwenye makabati mengi ya sebuleni ni ya mwaka 1952. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa kabla ya hapo ni mkubwa kuliko Biblia anayoisomea wajukuu!

Tumemtaja Isaya, basi sikia. Yeye ndiye nabii wa Majilio, sura 66. Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, kilipatikana kitabu chake kizima kwenye gombo la ngozi lenye urefu wa zaidi ya mita 7, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa. Safu 54 za maandishi! Maneno unayosoma kwenye mkeka yalikuwa yamekaa gizani humo karibu miaka 2,000.

Na shada la Majilio? Hili linanifurahisha kuliko yote, acha nikae nalo kidogo.

Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia Mlutheri mwenye miaka 31, anaendesha nyumba ya kulea watoto maskini wa mjini, iliyofunguliwa 1833. Watoto wanasumbua kila siku: Krismasi lini? Bado siku ngapi? Wichern akatafuta gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4. Kila jioni wakati wa sala mmoja ukawashwa: mdogo siku za juma, mkubwa Jumapili. Mwaka ule Majilio yalianza Desemba 1, ndiyo maana jumla ni 24 kamili. Watoto wakajifunza kuhesabu na kuimba kwa pamoja, na chumba kikazidi kung'aa kila usiku. Majani mabichi yalikuja baadaye, karibu mwaka 1860. Haya, niambie: shada unaloliona leo mbele ya madhabahu lilibuniwa na nani? Na mtu aliyekuwa akiwajibu watoto yatima na maskini swali lao!

Wakatoliki walilipokea lini? Inajulikana kwamba mwaka 1925 lilitundikwa katika kanisa lao moja mjini Cologne. Yaani lina miaka mia moja hivi tu kwetu, na wengi hudhani ni la enzi za mitume.

Kwa nini mishumaa iliwagusa watu wa kaskazini hivyo? Desemba, jua la Stockholm linazama kabla ya saa 9 alasiri. Tromsø, Norwe, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Majilio mazima gizani! Hapo ndipo mshumaa mmoja unapokuwa habari njema kweli.

Mshumaa wa rangi ya waridi unaujua? Huwashwa Jumapili ya tatu, Dominika ya Furaha. Padre naye anaweza kuvaa waridi siku hiyo, na rangi hiyo ina Jumapili 2 tu kwa mwaka mzima, nyingine iko Kwaresima. Nyumbani huna mishumaa ya zambarau? Funga utepe wa zambarau kwenye mishumaa myeupe ya dukani. Inapendeza sana, na watoto watagombea kuufunga.

Je, wajua kalenda ya Majilio ilianza kwa chaki? Familia za Kijerumani za karne ya 19 zilichora mistari 24 mlangoni, na kila siku mtoto akafuta mmoja. Baadaye mama mmoja alimshonea mwanawe Gerhard biskuti 24 kwenye kipande cha kadibodi, moja ya kila siku. Mtoto hakusahau! Alipokua akawa mchapishaji, akaanza kuchapa kalenda za Majilio, na milango midogo ya kufungua ikafuata. Chaki unayo? Mlango unao? Basi anza leo.

Familia nyingine hutumia majani makavu. Hori tupu linawekwa mezani, na kila anayetenda wema kwa siri anatia unyasi mmoja. Kazi ni kwamba Mtoto akute pamejaa, palaini.

Nyota kubwa za karatasi zenye miba unazijua? Zilizaliwa katika shule ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, kwenye somo la jiometri! Nyota ya kawaida ina miba 25, na nyumba nyingi huitundika Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Wamoravian hao hao, mwaka 1728 kijijini Herrnhut, walianza kupeleka neno moja la Biblia kila asubuhi katika nyumba zote 32 za kijiji. Mlango kwa mlango! Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kitabuni, na kitabu hicho hakijakosa kutoka hata mwaka mmoja hadi leo, sasa kwa lugha zaidi ya 50. Mwaka mmoja kabla ya hayo yote, 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku ili sala isikatike. Haikukatika kwa zaidi ya miaka 100. Na unajua nchi gani leo ina Wamoravian wengi kuliko zote duniani? Tanzania! Walifika Rungwe mwaka 1891.

Desemba 20, 1747, huko Marienborn, askofu wao Johannes de Watteville alimpa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu, wakaenda nao nyumbani ukiwaka. Kutoka hapo ndipo ibada za watoto za mishumaa zilipoenea, leo mshumaa ukichomekwa kwenye chungwa.

Walutheri, mpo? Katekisimu Ndogo ya Luther, mwaka 1529, ina sehemu inayomfundisha mwenye nyumba jinsi ya kuwafundisha watu wake kusali asubuhi na jioni. Mwaka 1647 Kanisa la Scotland lilikwenda mbali zaidi: baba asiyeongoza ibada nyumbani aonywe, na akikaidi azuiwe Meza ya Bwana! Ajabu ni kwamba Waskoti hao hao hawakuitaka Krismasi. Ilikuja kuwa siku ya mapumziko kwao mwaka 1958.

Sasa mshike mama huyu. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, kijijini Epworth, Uingereza, mchungaji alikuwa safarini London. Mkewe, Susanna Wesley, akaanza kusali jikoni na watoto wake jioni za Jumapili. Mtumishi akamwambia mzazi wake, mzazi akamwambia jirani. Wakafika watu 200! Mmoja wa watoto waliokuwa mle, Charles, alikuja kutunga nyimbo zaidi ya 6,000, na ule wa mwaka 1744 wa kumngojea Yesu bado huimbwa kila Majilio.

Huko Meksiko wanabisha hodi. Kuanzia Desemba 16 hadi 24, usiku 9, kundi hupita nyumba hadi nyumba likiwa na Yusufu na Maria, linaimba nje kuomba mahali pa kulala. Waliomo ndani wanajibu kwa wimbo: hapana, nendeni! Nyumba inayofuata vilevile. Mwisho mlango unafunguliwa, wote wanaingia, wanasali, wanakula. Desturi hii hufuatiliwa hadi mwaka 1587, kwenye monasteri ya Acolman.

Ufilipino, tarehe hizo hizo, watu huamka kwa misa ya alfajiri siku 9 mfululizo, kukiwa bado giza. Milano, Italia, wana Majilio ya Jumapili 6 badala ya 4, hadi leo. Na majirani zetu wa Ethiopia? Mfungo wao wa kungoja Noeli una siku 43 au zaidi, bila nyama, bila maziwa, bila mayai, hadi Januari 7.

Nyimbo, sasa. Ambrosi, askofu wa Milano aliyefariki mwaka 397, alitunga wimbo wa kumwita Mkombozi. Luther akautafsiri 1524, Bach akautungia muziki 1714. Mtu mmoja hadi mwingine, miaka zaidi ya 1,300!

Philipp Nicolai alikuwa mchungaji huko Unna tauni ilipoingia mwaka 1597. Alizika watu kila siku, makaburi yakiwa karibu na dirisha lake. Katikati ya hayo akaandika wimbo wa walinzi wanaowaamsha watu kumpokea Bwana arusi. Ulitoka 1599, na mpaka leo ni mmoja wa nyimbo za furaha kubwa kabisa za Majilio.

Handel je? Aliandika Masihi yake yote, 1741, kwa siku 24. Sehemu ya kwanza ina maneno ya Isaya tunayosoma Majilio. Ila iliimbwa mara ya kwanza Aprili!

Wengine Majilio yaliwakuta wamefungiwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri, aliandika kutoka gereza la Tegel, Berlin, Novemba 1943, kwamba chumba cha gereza kinafanana na Majilio: unangoja, unatumaini, na mlango hufunguliwa kutoka nje tu. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1944, gereza hilo hilo lilikuwa na Alfred Delp, padre Mjesuiti. Aliandika tafakari za Majilio mikono ikiwa na pingu, kwenye vipande vya karatasi vilivyotoroshwa nje. Tarehe 8 mwezi huo aliweka nadhiri zake za mwisho humo humo gerezani. Aliuawa Februari 2, 1945, na Bonhoeffer Aprili 9. Tafakari za Delp bado zinachapishwa. Zisome ukizipata.

Turudi kwenye Biblia, nikupime. Ng'ombe na punda wa horini wametajwa Injili gani? Hakuna! Wanatoka Isaya 1, mstari wa 3. Mtakatifu Fransisko aliwaleta wakiwa hai huko Greccio mwaka 1223, pamoja na hori na nyasi. Mamajusi walikuwa wangapi? Mathayo hasemi. Anataja zawadi 3 tu, na anasema waliingia nyumbani.

Desemba 17 inasomwa orodha ya mababu wa Yesu, vizazi 14 mara 3. Usiruke majina! Humo mna wanawake 5: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Maria. Waambie watoto wawasake, na atakayemwona wa kwanza achague wimbo.

Na hii fanya mwaka huu. Injili ya Luka ina sura 24. Desemba hadi mkesha ina siku 24. Soma sura moja kila jioni, kuanzia tarehe 1. Jioni ya kwanza itawatoa jasho, maana Luka 1 ina mistari 80, sura yenye mistari mingi kuliko zote katika Agano Jipya, kwa hiyo gawaneni usomaji. Wenye watoto wadogo, andaeni uji mapema. Halafu mkifika tarehe 24, majirani wakipamba na pilau likinukia, mtakuwa mnasoma sura ya 24: kaburi tupu, wasafiri wawili wa Emau wanaomkaribisha mgeni nyumbani, na mstari wa 53, wa mwisho kabisa, wenye watu wanaomsifu Mungu!